Kupima mionzi ya gama kwa puto juu ya Dodoma: panga hivi kabla hujanunua hata waya

Ukifika kilele cha Uhuru, mita 5,895, uko juu kuliko alipofika Victor Hess tarehe 7 Agosti 1912. Siku hiyo Hess alipanda puto la hidrojeni, mwili wake na vipimio vyake pamoja, akafika kama mita 5,300 na kukuta mionzi inaongezeka badala ya kupungua. Wakati ule wengi waliamini kwamba mionzi yote inatoka ardhini. Mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Leo boksi la kilo moja, lisilo na mtu ndani, linaweza kwenda mara tano ya pale alipofika, na vitu vyake vyote vinaunganishwa juu ya meza ya kulia chakula.

Nimeuandika mwongozo huu nikiwazia urushaji wa Dodoma, lakini aliyeko Nakuru au Mbeya ataubadilisha kidogo tu. Utaona puto lenyewe nimelitaja kwa kuchelewa. Ndivyo inavyotakiwa. Wengi huanza kwa kununua puto, na boksi likirudi wanashindwa kusema namba walizopata ni za kitu gani.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

"Nataka kupima mionzi angani" ni hamu, bado si swali. Swali ni kama hili: juu ya Dodoma, hesabu za mionzi hufika kileleni kwenye kimo gani, na baada ya hapo hushuka vipi?

Kilele hicho kipo kweli. Protoni zinazotoka mbali angani zikigonga hewa huzaa mvua ya chembe nyingine: mioni (ndugu wazito wa elektroni), elektroni, positroni (elektroni zenye chaji chanya), na fotoni za gama, yaani chembe za mwanga wenye nishati kubwa mno. Juu sana hewa ni haba, kwa hiyo mvua hiyo haijakolea. Chini sana hewa imeshaimeza. Katikati, kati ya kilomita 15 na 20 hivi, ndiko imejaa. Erich Regener na Georg Pfotzer walilionyesha hilo Ujerumani miaka ya 1930, kwa maputo yaliyobeba mirija ya Geiger (mirija ya gesi inayotoa pigo la umeme kila mionzi inapoigonga), na mpaka leo kilele kile kinaitwa kwa majina yao.

Ukishalijua hilo, unajua pia kwamba huna haja ya kufika kilomita 35. Ukivuka 24 au 25 umeshauona mlima wote, kupanda na kushuka kwake. Kila kilomita ya ziada ni gesi, ni puto kubwa, na ni safari ndefu zaidi ya kwenda kuliokota.

Kuna swali la pili, na hili sisi tumekaa mahali pake. Sumaku ya dunia huzirudisha protoni dhaifu, na huzirudisha zaidi karibu na ikweta. Jacob Clay aliliona jambo hilo mwaka 1927 kwenye safari ya meli kati ya Java na Uholanzi: mionzi ilipungua alipokaribia ikweta. Ikweta ya sumaku inapita Ethiopia, hivyo Afrika Mashariki iko jirani nayo kabisa, na protoni inayotaka kutushukia wima inahitaji nishati ya zaidi ya elektronivolti bilioni 10. Ukipata namba ndogo kuliko za mtu aliyerusha puto Finland, usianze kubomoa kifaa. Huenda kiko sawa sawa.

Hatua ya 2: Chagua kipimio, ujue kinahesabu nini

Hapa kaa muda mrefu. Kichwa cha mradi wako kina neno "gama", na neno hilo ni la kulitolea jasho.

Kipimio cha bei nafuu ni mrija wa Geiger. Tuchukue SBM-20, mrija wa Kisovieti ambao wapenda elektroniki wengi wanaujua: urefu wake milimita 108, unafanya kazi kwenye volti 400 hivi, na ukiwa mezani hutoa hesabu 20 na kitu kwa dakika, kutegemea udongo na kuta zilizouzunguka. Sasa tupige hesabu ya vidole. Usawa wa bahari, mioni moja hivi hupita kwenye kila sentimita moja ya mraba kila dakika. Mrija huo ukilazwa una eneo la kama sentimita 9 za mraba. Kwa hiyo katika zile hesabu 20, tisa hivi si gama hata kidogo. Ni mioni, na bado uko mezani kwako.

Huko juu hali inazidi. Mrija wa Geiger hukamata karibu kila chembe yenye chaji inayoupitia, lakini kwa gama hukamata kama fotoni moja tu katika mia. Nyingine hupita kama upepo kwenye nyavu. Kwa hiyo mchoro utakaorudi nao utakuwa zaidi ni mchoro wa elektroni na mioni. Si kosa, ila usiuite gama.

Una njia tatu.

Ya kwanza ni kukubali na kuandika wazi: "hesabu za mionzi yote ayonishi", yaani ile inayong'oa elektroni kwenye atomi. Kwa mradi wa kwanza naishauri hii.

Ya pili ni kuweka mirija miwili, mmoja juu ya mwingine, na saketi inayoangalia iwapo yote miwili imelia kwa pamoja. Mioni hupita yote miwili. Fotoni ya gama iliyokamatwa na mmoja ni nadra kuonekana kwenye wa pili. Ukihifadhi hesabu za kila mrija peke yake na zile za pamoja, unaanza kutenganisha makundi. Hofu ya watu ni kwamba mirija italia pamoja kwa bahati tu. Tupige hesabu: kila mmoja ukitoa hesabu 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde, na dirisha lako la "pamoja" (muda ambao mapigo mawili yanahesabiwa kuwa tukio moja) likiwa mikrosekunde 10, bahati itakuletea kama tukio moja kwa dakika nane. Ni dogo mno kukusumbua.

Ya tatu ndiyo ya gama kweli: kioo cha sintilesheni, kwa mfano iodidi ya siziamu yenye thali kidogo, kimebandikwa kwenye kihisi mwanga cha silikoni. Kioo kinatoa mmweko, ukubwa wa mmweko unakuambia nishati ya fotoni. Hapo unaweza kuona mstari wa potasiamu-40 kwenye kiloelektronivolti 1,461 ukiwa ardhini, na kutafuta ule wa 511, ambao hutokea positroni ikikutana na elektroni, ukiwa angani. Iodidi ya sodiamu nayo ni nzuri lakini hunyonya unyevu, na baridi ya ghafla inaweza kuipasua. Iache maabara. Ubaya wa njia hii ya tatu ni kwamba ukubwa wa mapigo hubadilika na joto. Boksi likipoa, mapigo yanasogea kwenye mpaka uliouweka, hesabu zinabadilika, nawe unadhani ni kimo. Kipimajoto kiwekwe kiguse kioo chenyewe, siyo kona ya boksi.

Jambo moja zaidi kabla hatujaondoka hapa. Vipimio vingi vya dukani vinageuza hesabu kuwa mikrosiveti kwa saa, kizio cha mionzi inayopokewa na mwili. Ugeuzaji huo umepimwa kwa gama za siziamu-137 au kobalti-60. Angani mchanganyiko ni mwingine kabisa, kwa hiyo namba ile ya mikrosiveti haina maana. Hifadhi hesabu mbichi.

Hatua ya 3: Funga volti 400 zisivuje kwenye hewa nyembamba

Nilijifunza hili kwa fundi wa friji. Mafundi hawa wana pampu ya kunyonyea hewa kwenye mabomba kabla ya kujaza gesi, na pampu hiyo inashuka chini kabisa ya kanieneo utakayoikuta kilomita 30. Nilimwomba anitolee hewa kwenye sufuria nzito la presha nililoliwekea mfuniko wa akriliki mnene, kifaa kikiwa ndani kinawaka. Mezani kilikuwa kinatoa hesabu 22. Pampu ikaanza, namba zikatulia, halafu ghafla 300, 1,500, 4,000. Fundi akauliza kama tumesababisha mionzi. Tulizima taa tukachungulia: karibu na mguu wa mrija kulikuwa na kijimwanga cha zambarau.

Maelezo yake ni ya kitabuni. Hewa huzuia cheche vizuri ikiwa nzito, lakini ikipungua uwezo huo unashuka mpaka mahali fulani pa chini kabisa, ndipo unapanda tena. Pale chini kabisa, volti kama 330 tu zinatosha kuvunja hewa. Sasa kilomita 30 kanieneo ni hektopaskali 12 hivi, na kwenye kanieneo hiyo nafasi mbaya kuliko zote ni ya kati ya nusu milimita na milimita moja. Hiyo ndiyo nafasi unayoweza kuikuta kati ya miguu ya solda kwenye ubao wa kawaida. Kama shetani angechora saketi ya Geiger, angeichora hivyo hivyo.

Bila kulijua hili, ungerudi na mchoro unaopaa juu kila puto linapopaa, ukaandika umegundua kitu.

Dawa yake ni hii. Safisha ubao kwa spiriti, toa mabaki yote ya flaksi. Zungusha solda iwe ya mviringo, isiwe na ncha, maana cheche hupenda ncha. Kisha funika kila sehemu yenye volti kubwa, ikiwemo miguu ya mrija na kondensa, kwa silikoni isiyo na harufu ya siki (ile yenye harufu ya siki hula shaba) au kwa varnishi ya ubao tabaka mbili tatu. Hakikisha hakuna kiputo cha hewa ndani. Iache ikauke siku mbili nzima, rudi kwa fundi wa friji, rudia jaribio huku mkishusha kanieneo polepole na kukaa kila kiwango dakika tano. Hesabu zikibaki 22, zaidi kidogo au pungufu kidogo, umemaliza. Vaa miwani ya kinga, na usitumie chupa wala jagi la kioo chembamba kama chombo: hewa ya nje ikilisukuma, linalipukia ndani.

Ukitaka kuhakikisha volti ni 400, usizipime kwa mita ya kawaida moja kwa moja. Mita yenye ukinzani wa megaomu 10 huivuta saketi hii dhaifu mpaka ionekane ina volti 250 au chini yake, nawe unaanza kuikaza bila sababu mpaka uue mrija. Weka kwanza kigawanyo cha volti chenye ukinzani wa gigaomu moja.

Na kuna mwongo wa pili ndani ya boksi: redio. Kila inaporusha data inaweza kusukuma pigo la uongo kwenye waya wa mrija. Andika muda wa kila hesabu, acha kifaa usiku kucha kikirusha data, asubuhi angalia kama hesabu zinajikusanya pale redio inapozungumza. Zikijikusanya, tenganisha nyaya, funga mrija kwa karatasi ya alumini iliyounganishwa na ardhi ya saketi, jaribu tena.

Hatua ya 4: Baridi na umeme

Watu husoma miongozo ya Ulaya na kujiandaa kwa nyuzi −55. Kwetu sehemu ya baridi kuliko zote iko juu zaidi, kilomita 16 hadi 17, na inafika −75 hadi −80. Pale pale kilele cha mionzi kilipo. Kifaa kikizimika huko umepoteza ulichokifuata.

Boksi la sterofomu la samaki linatosha kabisa, lile dogo, lioshe kwanza. Betri ziwe za lithi zisizochajiwa, ukubwa wa AA, ambazo zinavumilia mpaka −40. Ndani ya boksi haitafika huko kama saketi inatumia umeme kidogo na nyufa zimezibwa kwa gundi ya karatasi. Fanya jaribio kwenye friza la muuza barafu kwa saa tatu. Friza halifiki −80, lakini litakuonyesha kipi kinakufa kwanza.

Kwa GPS, angalia jambo moja. Baadhi ya vipokezi huacha kutoa kimo juu ya kilomita 18, na vile vya u-blox vikiachwa kwenye hali yake ya kiwandani huishia kilomita 12. Vina hali ya kurukia angani inayofika kilomita 50. Lazima programu yako iiwashe kila kifaa kinapoanza, kisha isome tena kuthibitisha. Weka pia kihisi cha kanieneo kama shahidi wa pili.

Hatua ya 5: Pima chini kabla ya juu

Sehemu hii inafaa kufanywa hata na asiyerusha puto kamwe.

Acha kifaa mahali pa kurushia kwa saa kumi. Kwa hesabu 20 kila dakika utapata 12,000, na mtikisiko wa bahati ni kipeuo cha pili cha namba hiyo, yaani 110, pungufu ya asilimia moja. Hiyo ndiyo namba yako ya msingi. Kumbuka ardhi zetu hazifanani. Bahi na Manyoni, karibu na Dodoma, kuna madini ya urani. Kilima cha Mrima kule Kwale kina thori nyingi. Ukipima msingi hapa na kurushia pale, umeharibu.

Halafu nenda majini. Domenico Pacini alifanya hivyo Livorno mwaka 1911, akashusha kifaa mita tatu chini ya bahari. Wewe panda mtumbwi Ziwa Victoria, mbali na ufuko, weka kifaa kavu ndani ya mfuko, pima saa mbili. Maji yanaziba mionzi ya ardhi chini yako, kinachobaki ni cha kutoka juu pamoja na hesabu chache zinazotoka kwenye mrija wenyewe. Tofauti ya nchi kavu na majini inakupa mchango wa udongo, bila kifaa chochote cha gharama.

Mwenye nafasi ya kupanda Kilimanjaro ana ngazi ya bure: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, kisha Uhuru. Kila kituo pima angalau nusu saa, kifaa kikiwa kwenye kimo kile kile kutoka ardhini, kwa sababu mawe ya volkano nayo yana neno lake. Na ukisafiri kwa ndege, waombe wahudumu ruhusa ya kukiwasha. Kilomita 11 angani, karibu na ikweta, kipimo ni kama nusu ya kile cha njia za karibu na ncha za dunia.

Kujua kama kifaa kinasikia gama, huhitaji kuagiza chanzo cha mionzi, na usiagize: kuingiza vyanzo hivyo kunahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, na Kenya kuna mamlaka yake. Mfuko wa mbolea ya kloridi ya potasiamu utapandisha hesabu kidogo lakini kwa uhakika. Kijifuko cha zamani cha karabai, vile vilivyotiwa thori, kinapandisha sana. Kiache ndani ya plastiki yake, jivu lake si la kuvuta.

Hatua ya 6: Vibali, mapema

Anza miezi mitatu kabla. Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya) ndiyo inayosema ndiyo au hapana. Kwa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, puto lisilo na mtu lenye mzigo wa chini ya kilo 4 kwa jumla kwa kawaida huhesabiwa jepesi, lakini wepesi huo hauondoi wajibu wa kuomba. Barua yako itaje mahali, tarehe na tarehe ya akiba, uzito, ukubwa wa puto, mwendo wa kupanda, na namba ya simu ya mtu atakayepokea siku hiyo. Wataweza kutoa tangazo kwa marubani. Masafa ya redio ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au ya Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa Kenya. Polisi wa wilaya nao wajue.

Wafikirie pia watu wa hali ya hewa. Wao hurusha maputo kama kazi ya kila siku. Nairobi hufanyika Dagoretti. Kuongea nao nusu saa kutakufundisha mengi kuliko mwongozo huu, hasa kuhusu kujaza gesi penye upepo.

Hatua ya 7: Puto, gesi, mwavuli

Puto la mpira la gramu 600 linatosha. Mzigo wote pamoja na mwavuli na kamba uwe kilo 1. Ongeza nguvu ya kupandia ya gramu 800, na shingo ya puto inatakiwa kunyanyua kilo 1.8. Huna haja ya mizani ya kisasa: funga chupa za maji zenye uzito wa kilo 1.8 kwenye shingo, jaza mpaka zianze kuning'inia hewani, acha. Heliamu itakayotumika Dodoma ni kama mita 2.7 za ujazo, utapanda kwa mita 5 kwa sekunde hivi, na puto litapasuka karibu kilomita 26 hadi 28. Hidrojeni ni nafuu na inanyanyua zaidi kidogo. Inawaka pia. Kama huna mtu aliyeizoea, lipia heliamu.

Mwavuli wa kipenyo cha mita moja na kidogo unateremsha kilo moja kwa mita 5 kwa sekunde. Shona wa nailoni, rangi ya chungwa.

Hatua ya 8: Njia, na watu wa kule litakakotua

Tumia programu za kukadiria njia zinazosoma utabiri wa upepo wa dunia. Endesha makadirio kila siku kwa wiki mbili kabla, uone njia inavyohama. Pepo za chini Dodoma kwa miezi mingi hutoka mashariki na kusini mashariki, hivyo mwanzoni boksi huelekea Manyoni. Juu ya kilomita 20 ni hadithi nyingine: pepo za ikweta huko hubadilishana mwelekeo, mashariki kisha magharibi, kwa mzunguko wa miezi 28 hivi. Makadirio yakikuonyesha Ruaha, ahirisha. Hifadhini kuna vibali vyake, na simba hawasomi lebo.

Nani atasoma lebo? Mchungaji, au mtoto anayetoka shule. Iandike kwa Kiswahili, kubwa: "Kifaa cha sayansi cha kupima hewa ya juu. Hakina madhara, si bomu. Tafadhali mpigie mwenye nacho, zawadi ipo," na namba mbili za simu. Usiandike neno MIONZI kwenye boksi. Ni kweli boksi halina mionzi, linapima tu, lakini atakayeliokota hatasubiri ufafanuzi huo. Ataita mgambo, na kijiji kizima kitahama shamba. Siku moja kabla, mpigie mtendaji wa kata ambayo makadirio yanaionyesha.

Kifuatiliaji kiwe na njia mbili: redio ya LoRa (inayofika mbali kwa umeme kidogo) wakati wa kuruka, na kifaa cha laini ya simu kitakachotuma mahali lilipo likifika chini. Chagua laini yenye mtandao huko, siyo unayoipenda wewe.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka. Washa kifaa saa nzima kabla, hesabu za ardhini ziingie kwenye kadi ileile ya kumbukumbu. Wote wanaoshika puto wavae glavu za pamba. Mmoja kazi yake iwe kusoma orodha kwa sauti, asifanye kingine: GPS iko kwenye hali ya angani? Kadi inaandika? Pini ya betri imetolewa? Mpigie mtu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Achia.

Hatua ya 10: Kuzisoma namba

Tumia data ya kupanda. Puto likishapasuka, boksi huanguka kwa kasi sana kwenye hewa haba, na kila dakika inameza kilomita nyingi.

Dakika moja ya kupanda ni mita 300. Karibu na ardhi, hesabu 20 zina mtikisiko wa kama 4.5, kwa hiyo dakika moja moja itakuonyesha vurugu tupu. Zikusanye dakika tano tano. Ukifika hesabu 600 mtikisiko ni 24, asilimia 4, hapo dakika moja inatosha. Muda mfu wa SBM-20, yaani muda ambao mrija hausikii kitu baada ya kila pigo, mikrosekunde 190 hivi, unakula asilimia 0.2 tu kwenye hesabu 10 kwa sekunde. Usahihishe ukipenda, hautaonekana kwenye mchoro.

Angalia mita mia chache za mwanzo. Hesabu zinatakiwa zishuke kwanza, kwa sababu hewa ya mita 90 hivi hupunguza nusu ya gama za ardhini, ndipo zianze kupanda. Theodor Wulf alilitafuta anguko hilo juu ya Mnara wa Eiffel mwaka 1910, akakuta dogo kuliko alivyotarajia. Wewe una namba ya mtumbwini ya kulinganisha: ukitoa mchango wa udongo, je, unafika pale? Kama huoni dalili yoyote ya kushuka, shuku mrija kabla ya kushuku fizikia.

Chora hesabu dhidi ya kimo, na mchoro wa pili dhidi ya kanieneo, kwa maana chembe haijui kilomita, inajua hewa iliyopita. Joto la ndani liwe kwenye mchoro huo huo. Kilele cha hesabu kikiangukia dakika ileile ya baridi kali kuliko zote, itabidi urudi kwenye friza na kifaa kile kile, siyo kipya, uone kama baridi peke yake inakipandisha. Pembeni andika aina ya mrija, volti, dirisha la "pamoja", mahali, tarehe na saa, na kama jua lilikuwa na dhoruba wiki hiyo, maana jua likichafuka mionzi ya mbali hupungua. Aliyeko Mwanza atakayerusha mwaka kesho atakuuliza hayo kabla ya kuomba picha za mawingu.